Mwanangu ananificha vidonda kwa kuogopa spiriti

Shikamoo Mama Nesi,

Nakuandikia kwa jambo linalonikosesha usingizi, nalo lilianza na mchubuko wa goti tu.

Mimi ni fundi cherehani, nina watoto wawili, tunaishi Kihonda hapa Morogoro pamoja na mama mkwe wangu. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 8, na hakuna siku anayorudi kutoka kucheza bila alama mwilini. Mwezi uliopita alianguka na baiskeli kwenye barabara ya moramu. Goti lilichubuka kama upana wa kiganja chake, na changarawe zikaingia. Alikuja analia, lakini alikuja. Alinikimbilia mimi.

Nikachukua chupa ya spiriti ninayoiweka kabatini, nikalowesha pamba, nikamsugua. Alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka nje. Bibi yake alimshika mikono, mimi nikambana miguu. Nilipomaliza, mama mkwe akasema spiriti peke yake haitoshi, kidonda lazima kipate dawa. Akaenda dukani, akarudi na kapsuli za rangi mbili, akaifungua moja na kumwaga unga wote juu ya goti. Nilitaka kusema neno, lakini yule ni mama wa mume wangu, amelea watoto saba, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika na nilichokuwa nimekifanya. Goti likafanya gamba gumu la njano, likawa linapasuka kila akikunja mguu. Lilichukua karibu wiki tatu kupona.

Sasa kilichofuata ndicho kilichoniumiza. Jumatatu ya wiki iliyopita aligoma kuvaa viatu vya shule. Nikamfokea, nikidhani ni uvivu. Nilipomvua soksi kwa nguvu nikasikia harufu. Chini ya unyayo, karibu na kidole gumba, palikuwa na mkato umevimba na unatoa usaha. Alikuwa amekanyaga kipande cha bati siku ya Alhamisi akicheza mpira pekupeku. Siku nne alikuwa analala na soksi ili nisione. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akajibu: "Ungenitia ile dawa."

Nilimbeba mpaka zahanati. Mtoki ulikuwa umeshamtoka kwenye kinena na mwili una joto. Walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa dawa ya kunywa, na tunarudi kila baada ya siku mbili kubadilishiwa bandeji. Anaendelea vizuri. Siku zile ambazo hatuendi, wameniambia nimbadilishie mwenyewe nyumbani, na kila nikiigusa ile bandeji anaanza kutetemeka.

Mama Nesi, naomba unielekeze kama mtu asiyejua kitu. Mtoto akichubuka au akijikata kidogo, nifanye nini hatua kwa hatua? Spiriti ni kosa? Mama mkwe anasema kidonda kisipotiwa dawa kinaoza, na nikimpinga nitaonekana namdharau. Na je, kila akijikata nimkimbize kwenye sindano ya pepopunda? Zaidi ya yote, nifanyeje ili mwanangu arudi kuniambia akiumia?

Mama wa Kihonda


Jibu la Mama Nesi

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye soksi. Mtoto wa miaka 8 amelala na soksi siku nne, katika joto la Morogoro, ili mama yake asione kidonda. Bati lilimkata unyayo, lakini kilichompeleka zahanati ni zile siku nne. Mkato ule ule ungeoshwa Alhamisi jioni, huenda leo usingekuwa na la kuniandikia. Kwa hiyo nitaanza na maumivu, kisha ndiyo nije kwenye dawa.

Mimi nimefunga vidonda kwa miaka 31 katika hospitali ya wilaya kabla ya kustaafu. Nilipoanza kazi, na sisi tulikuwa tukimimina vitu vikali ndani ya jeraha. Mtoto akiona tu trei inakuja, analia. Tuliamini kwamba dawa inayowasha ndiyo inayofanya kazi, na wazazi nao waliamini hivyo hivyo. Mtoto asipolia walituuliza kama dawa imeisha nguvu. Baadaye tulifundishwa upya, na nakwambia kwa moyo wote: imani ile ni ya kuiacha. Spiriti inaua vijidudu, ni kweli, lakini haichagui. Ndani ya jeraha kuna chembe hai za mwili zilizokuja kupambana na uchafu na kuanza kujenga ngozi mpya. Ukimimina spiriti, unaziua hizo pamoja na vijidudu. Mahali pake ni kwenye ngozi nzima, kama pale nesi anapopangusa bega kabla ya sindano, au kwenye vifaa. Ndani ya nyama iliyo wazi haina kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa yale maji yanayotoa povu yanayouzwa famasi, na kwa dawa ya kuua vijidudu ya kwenye chupa ikimiminwa bila kuchanganywa na maji. Mafuta ya taa na maji ya betri ndiyo usiyaguse kabisa, yanababua ngozi.

Basi jeraha linasafishwa na nini? Maji. Maji mengi, yanayotiririka. Najua jibu hili linaonekana dogo kwa mtu aliyebeba mtoto mpaka zahanati, lakini ndilo jibu lenyewe, na hospitalini ndilo tunaloanza nalo. Kinachosababisha usaha ni udongo, vumbi na vijidudu vilivyobaki ndani. Maji yanayotiririka yanavibeba na kuvitoa. Pamba iliyoloweshwa inavisukuma ndani zaidi, tena inaacha nyuzi zake kwenye jeraha.

Tufanye kama vile goti lile limechubuka leo. Kwanza nawa wewe mikono kwa sabuni. Watu wengi wanaruka hapa kwa sababu mtoto analia, lakini mikono iliyotoka kukata vitunguu au kushika pesa haifai kugusa nyama iliyo wazi. Mkalishe mtoto kwenye kigoda, mguu juu ya beseni. Kama bomba linatoa maji ambayo nyumbani kwako mnayanywa, mpeleke bombani. Kama maji yenu ni ya kisima au ya kuchota, tumia yaliyochemshwa yakapoa. Kipimo changu ni kimoja: maji unayoweza kumpa mtoto anywe, yanafaa kuoshea kidonda chake. Chukua jagi, mimina taratibu kutoka juu kidogo, yapite juu ya jeraha na kuanguka kwenye beseni. Usiwe na haraka. Dakika tano, hata kumi kama kuna mchanga. Jagi likiisha jaza tena. Sabuni ya kawaida ipake kwenye ngozi inayozunguka jeraha, siyo ndani, maana ndani itawasha bila faida kubwa.

Changarawe zikibaki baada ya maji, ndipo chupa yako ya spiriti inapata kazi: pangusia kibano, kikauke, kisha toa changarawe moja moja. Zinazoonekana na zinazolegea tu. Zilizozama ndani usizichimbe, hizo ni za zahanati. Usiziache tu ukidhani zitatoka zenyewe, kwa sababu zikifunikwa na ngozi mpya zinaweza kuacha madoa meusi ya kudumu, mbali na usaha.

Mchubuko hauna damu nyingi, ni kama unatoa jasho la damu. Mkato wa kisu, kiwembe au ile mbuzi ya nazi inayotukwangua vidole sisi wapishi, huo unatoka damu ya kutisha hata ukiwa mdogo. Hapo kabla ya maji unabana. Chukua kitambaa safi, weka juu ya mkato, bana kwa kiganja au vidole kwa nguvu ya wastani, na kama ni mkono uinue juu ya usawa wa moyo. Ubane dakika kumi kamili, ukitazama saa. Tatizo kubwa ninaloliona ni kuchungulia. Mtu anabana nusu dakika, anafunua kuona kama imekata, anabandua damu iliyoanza kuganda, inaanza upya, kisha anapiga kelele kwamba damu haikati. Usifunue. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mwambie mtoto ahesabu au aimbe nyimbo za shule mpaka dakika ziishe. Usimfunge kidole kwa mpira au kamba kwa mkato mdogo, kidole kinakosa damu. Na tuache kukinyonya kidole kilichokatika. Mdomo una vijidudu vyake.

Damu ikikata, osha kwa utulivu, kausha ngozi ya pembeni kwa kuigusagusa, kisha funika. Hapa najua bibi atasema kidonda kipate hewa, kikauke. Sisi wote tulilelewa hivyo. Lakini mwaka 1962 mtafiti mmoja, George Winter, aliandika katika jarida la Nature kuhusu majeraha madogo aliyoyafuatilia kwenye ngozi ya nguruwe. Yale yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili ya yaliyoachwa wazi kukauka. Sababu yake unaweza kuiona mwenyewe kwenye goti la mwanao. Gamba likiwa gumu, ngozi mpya inalazimika kutafuta njia chini yake, na kila goti likikunjwa gamba linapasuka na kazi inaanza upya. Kwa hiyo paka mafuta ya mgando kidogo, yale ya kawaida yasiyo na manukato. Yachote kwa kijiko safi, usitumbukize kidole kwenye kopo la familia nzima. Juu yake weka plasta, au kipande cha gozi kilichoshikiliwa kwa bandeji. Badilisha mara moja kwa siku, na wakati wowote kinapolowa au kuchafuka. Kama gozi imegandia, usiivute kwa ghafla. Ilowanishe kwa maji safi dakika chache itaachia yenyewe. Mtoto anayevutiwa gozi kavu kila siku ataogopa bandeji kama alivyoogopa spiriti, na nadhani hilo ni sehemu ya kutetemeka unakoniambia.

Kama huna gozi, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi ya moto kinatosha kwa siku hiyo.

Sasa kapsuli. Hili nitalisema kwa uzito kwa sababu nimeliona mno, na kwa watu wazima zaidi kuliko watoto. Unga ulio ndani ya kapsuli hizo za antibayotiki umetengenezwa upite tumboni, uingie kwenye damu. Ukiumwaga juu ya kidonda unashikana na majimaji ya mwili na kuwa saruji. Lile gamba la njano uliloliona ndilo hilo. Chini ya saruji usaha unaweza kukaa usionekane. Kuna watu ambao miili yao inakataa dawa za jamii ya penisilini, na huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama. Tena kila tunapotumia antibayotiki kwa vipande na bila kipimo, tunavifundisha vijidudu kuizoea, kisha siku mtoto ana nimonia dawa ile ile inashindwa. Mchubuko safi hauhitaji antibayotiki ya aina yoyote, ya unga wala ya kunywa. Hiyo aliyopewa mwanao zahanati ni sahihi, kwa sababu alikuwa na usaha, joto na mtoki. Mpe mpaka siku ya mwisho waliyoiandika hata kama mguu umepona machoni.

Dawa ya zambarau, jivii, haiumi sana na watu wanaipenda. Tatizo langu nayo nyumbani ni kwamba inafunika kila kitu kwa rangi. Ukiipaka, kesho huwezi kujua kama ngozi imebadilika.

Nije kwa mama mkwe wako, na naomba unisikilize kama mtu ambaye naye ni mkwe na ana wakwe. Usimsomee barua hii mbele ya mume wako kama hati ya mashtaka. Yule mama alipokwenda dukani na pesa yake alikuwa anampenda mjukuu wake. Anaposema kidonda kisipotiwa dawa kinaoza, anasema kile alichokiona enzi zake: vidonda visivyooshwa vikioza. Muulize jambo moja: "Mama, zamani mlikuwa mnaosha vidonda na nini?" Nina hakika kama nilivyo hai atakujibu maji ya moto yaliyopoa yenye chumvi. Hapo mmekutana. Mwambie, basi tuanze na hayo, na nesi naye anasema hivyo hivyo. Chumvi si lazima, lakini ikiwa inamfanya bibi aone kidonda kimepata dawa, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa hakina madhara. Kizidishe na kitawasha, kwa hiyo pima wewe. Halafu mpe kazi. Siku ya kurudi zahanati nenda naye, amsikie mhudumu kwa masikio yake. Neno la mhudumu halitakuwa neno lako. Na nyumbani awe ndiye anayemshikilia mtoto mapajani na kumsimulia hadithi wakati wewe unamimina maji. Alimshika mikono siku ile ya spiriti. Mtoto anahitaji kumbukumbu nyingine ya mikono ile.

Pepopunda. Kijidudu chake kinakaa kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na kinapenda mahali pasipo hewa, kama ndani ya tundu la msumari au mwiba. Kuwa na kutu au kutokuwa na kutu si hoja, bati jipya lililolala kwenye udongo ni hatari vile vile. Ndiyo maana pia sipendi kusikia watu wanapaka majivu au kinyesi cha ng'ombe. Kinachomlinda mtoto ni chanjo, siyo sindano ya kila anapojikata. Fungua kadi yake ya kliniki: chanjo ya Penta ya wiki 6, 10 na 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake. Lakini kinga hiyo inapungua kadiri miaka inavyokwenda, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyongeza tatu: katika mwaka wa pili, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Mwanao amepata sindano wiki iliyopita. Hakikisha imeandikwa, pamoja na tarehe, na uliza kama kuna nyingine anayodaiwa. Baada ya hapo, mtu aliyekamilisha chanjo zake akipata jeraha dogo na safi haendi kuchomwa isipokuwa kama imepita miaka 10 tangu ya mwisho. Jeraha chafu au la kuchomwa, hesabu ni miaka 5. Kama kadi imepotea na hujui, nenda.

Na baba yake je? Wewe huenda ulichomwa ulipokuwa mjamzito. Wanaume wengi mara yao ya mwisho ni walipokuwa wachanga, nao ndio wenye majembe, mapanga na misumari. Bibi naye. Kwa kuwa mnakwenda zahanati, ulizieni wote. Ugonjwa huu huonekana kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, unaanza na taya kukaza, mdomo haufunguki vizuri, kumeza kunakuwa shida na shingo inakakamaa. Mtu akiwa hivyo hata kama kidonda kimeshasahaulika, ni hospitali usiku huo huo.

Mkato upi si wa nyumbani? Ule ambao midomo yake inaachana hata baada ya damu kukata, au unaona ndani kuna mafuta ya njano au kitu cheupe. Huo unahitaji kushonwa na usingoje kesho, kwa sababu saa zinavyopita kushona kunakuwa kugumu. Ule ambao damu inaendelea baada ya dakika kumi na tano za kubana kwa kweli, au inaruka kwa mapigo. Ulio usoni au kwenye kiungo. Kidole ambacho baada ya kukatwa hakikunjuki au hakina hisia, hata kama tundu ni dogo kama punje ya mchele, maana huenda mshipa umekatika ndani. Kitu kilichozama, kama kigae au kijiti: usikivute, kizungushie kitambaa kisitikisike na uende. Mwenye kisukari akijeruhiwa mguu, hata mchubuko, aonekane. Na mbwa, paka au mnyama mwingine akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani na mnamjua. Ugonjwa ule dalili zikishaanza hatuna dawa ya kumrudisha mtu.

Kwa vidonda unavyovihudumia mwenyewe, jifunze kuvisoma. Siku mbili tatu za kwanza uvimbe mdogo na joto kidogo ni kawaida, mwili unafanya kazi. Kinachotakiwa ni kupungua. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani kama wekundu. Unaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, imevutika na kung'aa. Tumia mgongo wa mkono wako: gusa goti lenye kidonda, kisha gusa la pili. Kama la kwanza lina joto kuliko lenzake siku ya tatu au ya nne, kama maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kama kuna harufu, usaha, au mstari unaopanda kuelekea juu, nenda. Mtoki kwenye kinena au kwapani ni tezi zinazojaribu kukamata vijidudu visipite; ukiushika mtoki, tafuta kidonda mguuni au mkononi hata kama mtoto anasema hana.

Weka vitu hivi kwenye kopo moja lenye mfuniko: plasta, gozi za pakiti, bandeji, mkasi, kibano, kipande kipya cha sabuni, glavu mbili, na parasetamo ya mtoto. Parasetamo mpe kwa kipimo cha uzito wake, nusu saa kabla ya kubadilisha bandeji kama unyayo bado unauma. Aspirini usimpe mtoto. Spiriti iweke mahali pengine, juu, asipoiona kila kopo likifunguliwa.

Sasa mwanao. Unamuogopesha bila kujua, na anahitaji kusikia hivyo kutoka kinywani kwako. Mkae wawili, bibi asiwepo, siku ambayo hakuna kidonda cha kushughulikia. Mwambie: "Ile dawa nilikutia kwa sababu sikujua. Nimeuliza nesi, ameniambia haifai. Sitaitia tena kwenye kidonda chako." Kisha timiza. Watoto wanasamehe haraka lakini wanapima. Mara ya kwanza atakapokuja na kidole kilichochubuka atakuwa anakujaribu, na siku hiyo usianze na "Nilikukataza kucheza pale." Hayo ya kucheza pekupeku kwenye mabati yana muda wake, labda jioni, labda kesho yake. Kinachotangulia ni "Umefanya vizuri kuja." Na usimdanganye kwamba haitauma kabisa. Mwambie maji yatakuwa ya baridi na patawasha kidogo mwanzoni, na kwamba akisema "subiri", utasubiri. Ukishasubiri mara moja kweli, hatabanwa miguu tena.

Leo ikiwa ni siku yako ya kubadilisha bandeji ya unyayo, chemsha maji asubuhi yapoe. Mkalishe mapajani kwa bibi. Lowanisha gozi mpaka iachie. Halafu jagi mpe yeye mwenyewe alishike, amimine kwa kasi anayoitaka, wewe shika beseni.